Hakuna Kisanduku cha Ila

Machi, mvua za kwanza, nilipewa kishikwambi,
koti la plastiki na orodha ya kaya thelathini,
nyingine Kiboriloni, nyingine juu Kibosho.
Fomu moja elfu nne. Nauli juu yangu.

Swali kuu lilikuwa la ngazi.
Fikiria ngazi yenye hatua kumi:
juu kabisa, maisha bora unayoweza kuyawaza,
chini kabisa, mabaya.
Wewe umesimama hatua ya ngapi?

"Ngazi ya mti gani?" akauliza Mama Ndeshukurwa,
vidole vyake vikitembea kwenye ungo wa maharage.
Ile ya mgrivea, iliyoegemea mparachichi,
ilikuwa na hatua saba, ya tatu imeoza.
Mumewe aliijua miaka yote,
akaisahau siku moja.
Nikamwambia, si ngazi ya kweli, mama.
"Basi na jibu lisiwe la kweli," akacheka.
"Weka saba."

Nilikuwa nimemsalimu kabla ya kukaa, kama ipasavyo.
Habari za asubuhi? Nzuri.
Za nyumbani? Nzuri tu.
Za watoto? Nzuri, ila
Aikael hatoki chumbani tangu Pasaka ya mwaka jana,
anakula sisi tukilala,
na ile kliniki, baba, hapa watu huitaja kwa kunong'ona.

Ndivyo tulivyolelewa.
Nzuri hutangulia mlangoni,
huzuni huja nyuma yake, viatu mkononi,
isije ikachafua sakafu ya watu.
Mtu husema sijambo huku jambo limemkalia kifuani.
Nikapekua kioo nipate pa kuandika ila.
Kulikuwa na ndiyo, hapana, sijui,
amekataa kujibu.

Kibosho, Mzee Hilari analinda nyumba ya wanawe:
vigae vyekundu, vyumba sita,
taa inayowaka ni ya jikoni.
"Desemba mimi ni tisa," akasema.
"Magari yamejaa mpaka kwenye kahawa,
mbuzi wawili chini, wajukuu wanagombania kiti changu.
Tarehe saba Januari geti likifungwa, nashuka.
Nashuka mpaka sijui kama huko kuna hatua.
Wewe umekuja Machi.
Kwa nini hawakutumi Desemba?"
Mashine ilikubali namba moja tu.

Na Beda, aliyenijibu nane kata ya mbege ikiwa mkononi,
alinipigia kesho yake alfajiri:
"Ile nane ilikuwa ya mbege, kijana. Andika tatu."
Fomu ilikwisha kwenda.

Miezi ikapita. Niko kwa kinyozi, Majengo,
redio inasoma nchi na furaha zao, moja baada ya nyingine.
Kinyozi akazima mashine.
"Tumepanda," akasema.
"Nani kapanda?" akauliza mtu kwenye benchi,
"mbona hakuaga?"
Tukacheka wote, mimi na nusu kichwa changu.
Ndani ya namba ile kulikuwa na saba ya maharage
na nane ya mbege, zimevaa suti.

Kulikuwa na sita yangu pia.
Siku ya mafunzo tulijaribiana maswali wawili wawili;
mwenzangu akauliza, nikamjibu sita
upesi, kama mtu anayerudisha chenji.
Mwaka ule nilikuwa naamka saa tisa usiku
nikihesabu bodaboda barabarani mpaka kuche.
Hakuuliza za usiku. Nami sikusema.

Juzi nimepita Kiboriloni, mikono mitupu.
"Umekuja na ngazi yako?" Mama Ndeshukurwa akauliza.
Hapana, mama.
"Basi kaa."
Habari za Aikael?
"Nzuri," akasema, "ila,"
akanisogezea ungo.
Maharage ya mwaka huu yana mawe mengi.